Kongwa Imeandikwa na Wageni Wake

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa wananchi wa kuanzisha makumbusho ya jamii hapa Kongwa mjini. Wengi mlio Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko mmeniomba niiweke yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale, pamoja na mizaha yake.

Mgeni rasmi, viongozi wa kata na vijiji, wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi wanafunzi mliokaa chini hapa mbele kwa sababu viti vimewaishia watu wazima: Mbukwenyi!

Nimepewa dakika 30. Mnajua mwalimu wa historia akipewa dakika 30, hutumia 20 kutaja tarehe na 10 kuuliza nani hakusikiliza. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka 30 na nimestaafu nayo. Leo nitajitahidi nisimuulize mtu.

Nianze nyumbani. Kwa marehemu baba, pale mlangoni, palikuwa na kipande cha chuma. Ukubwa wake kama mkate wa boflo, kina matundu mawili, upande mmoja umekwaruzika na upande wa pili unang'aa kama kioo. Unang'aa kwa sababu baba alikuwa akigongea majembe hapo. Jembe likipinda, linawekwa juu ya kile chuma, linanyooshwa. Sisi watoto tulikalia, tulivunjia mawe, na siku ya mvua kilizuia mlango usipigwe na upepo. Kilikuwa kiungo cha mnyororo wa katapila. Babu alikuwa kibarua katika mradi wa karanga wa Waingereza, na siku waliyoachishwa kazi mshahara wa mwisho aliupokea mkononi, kile chuma akakibeba begani mpaka nyumbani. Kwa nini alikibeba? Baba alimuuliza. Babu akajibu, "Wamenifanya nisukume mashine yao mwaka mzima, na mimi nichukue mguu wake mmoja."

Miaka michache iliyopita nikaenda pale nyumbani nikakuta mlango umezuiwa na tofali. Nikauliza. Mtoto wa mdogo wangu akasema alipita kijana wa skrepa na baiskeli, ana mzani wa kuning'iniza, wakapima, kilo kumi na moja. Fedha alinunulia unga na sabuni, wala hakunificha. Nikakaa pale kwenye kigoda nimeshika kichwa. Yule mtoto wa mdogo wangu akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Baba mkubwa, kwani kilikuwa nini?"

Kwani kilikuwa nini?

Ndugu zangu, hakuwa na kosa. Mimi mwalimu wa historia, nimewafundisha watoto wa watu Vita vya Pili vya Dunia, Mkutano wa Berlin, Mfecane, na mtoto wa nyumbani kwangu sikuwahi kumwambia kile chuma cha mlangoni kilikuwa nini. Kitu kisichoelezwa hupimwa kwa kilo. Na mji huu, nawaambia, umeuzwa kwa kilo kwa muda mrefu sana.

Sasa mtu ataniambia: Mwalimu, historia ya Kongwa ipo, imeandikwa. Ni kweli. Tena imeandikwa kuliko ya miji mingi inayotuzidi ukubwa. Ukikata kona pale Mbande kuja huku, dereva wa bodaboda anaweza asijue, lakini kuna wasomi London wanaijua Kongwa vizuri. Na ilivyo ni kwamba imeandikwa na wageni, na wameandika habari za wageni.

Angalieni hiyo karanga. Mwaka 1946 Waingereza wametoka vitani, mafuta ya kula hayatoshi, chakula bado kinagawiwa kwa kadi. Wakatuma watu watatu, kiongozi wao akiitwa Wakefield, waje waangalie kama karanga zinaweza kulimwa Afrika Mashariki na Kati kwa mashine. Walizunguka wiki tisa. Wiki tisa! Kuposa tu kwetu huku kunaweza kuchukua zaidi ya hapo. Wakarudi na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa kabisa iwe kwetu. Mwanzoni mwa 1947 kazi ikaanza hapahapa Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, na mengine yalikuwa vifaru hasa, vifaru aina ya Sherman vilivyobadilishwa kuwa matrekta wakaviita Shervick. Wakajenga tawi la reli kutoka Msagali kuja huku. Wakajenga nyumba, hospitali, karakana.

Halafu? Mibuyu ikagoma kung'oka, na nyuki wa ndani ya mibuyu wakatoka kuuliza nani anabisha hodi. Vichaka vikawa na mizizi kuliko matawi. Mvua ilipokata, udongo wetu mwekundu ukakauka ukawa sakafu, karanga zimo ardhini na hakuna wa kuzitoa. Majembe ya matrekta yalilika kama kipande cha sabuni. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba imeshindwa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilipita pauni milioni 36. Katikati ya miaka ya 1950 hata reli ikang'olewa. Wazee mnakumbuka mataruma yalivyotumika kujengea.

Hayo yote niliyowaambia nimeyasoma. Nimeyasoma kwa Kiingereza, katika vitabu vilivyoandikwa na watu waliokuja kwa ndege. Najua waziri wa chakula wa Uingereza aliitwa Strachey. Najua kampuni iliyotoa wazo. Sasa nawauliza ninyi: mtu wa kwanza wa Kongwa kuliendesha katapila aliitwa nani? Nani anajua? Septemba 1947 mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli mpaka ukafika huku, na vibarua wa karanga nao wakaweka chini zana. Nani alisimama mbele siku ile? Alikuwa mtoto wa nani, wa kijiji gani? Vitabuni vibarua wetu wapo, lakini wapo kwa idadi. Wazungu wana majina, sisi tuna jumla.

Na lile swali kubwa: nani aliulizwa? Bibi yangu alikuwa analima uwele na mtama kilometa chache kutoka kwenye yale mashamba. Alijua ni uwanda upi mvua huuruka. Alijua kwa nini watu wa hapa hawakuweka roho yao yote kwenye zao linalokaa chini ya ardhi. Ukimuuliza habari za karanga za wazungu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga, halafu anasema, "Walikuja kulima, hawakuja kuuliza." Maneno hayo hayamo kwenye ripoti yoyote, na bibi tumeshamzika.

Hapa palikuwa pia na shule ya watoto wa kizungu, kuanzia 1948 hadi 1958, kabla hawajahamishiwa Iringa. Wale watoto wamezeeka huko waliko, na hadi uzeeni wamekuwa wakikumbushana habari za Kongwa kwa maandishi na picha. Nawapongeza. Sina kinyongo nao hata kidogo, maana mtoto hupenda alipokulia. Lakini nina hakika wanakumbuka majina ya mbwa wao, na sisi hatulijui jina la mpishi aliyewapikia uji. Mpishi yule ana wajukuu, na huenda wengine wamekaa humu ndani.

Hata macho yetu yameandikwa! Watafiti wa trakoma kutoka Marekani wamekuwa wakija Kongwa kwa miongo kadhaa, na duniani wanaotibu macho wanatujua kwa jinsi tulivyofundishwa kunawisha watoto nyuso. Hiyo nayo ni historia, na nani analo kopo la maji la wakati ule? Basi, nisipotee.

Wageni wa pili ni wale ambao mtaa huu bado unawaita wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliundwa 1963, ikaweka makao Dar es Salaam. Kuanzia 1964 zile nyumba na mabohari ya karanga yaliyoachwa yakapata wenyeji wapya: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Wanafunzi, mnasikia? Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alifundisha wapiganaji hapa. Chris Hani wa Afrika Kusini aliishi hapa. Hapa, mnapochungia mbuzi.

Mimi nilikuwa mtoto. Nawakumbuka alfajiri wakikimbia kwa safu, miguu inapiga ardhi kwa pamoja, sisi tumejificha nyuma ya minyaa tunahesabu. Na serikali yetu na nchi jirani zinalitambua eneo hilo kama urithi wa ukombozi wa Afrika. Wajumbe huja, mashada huwekwa, hotuba husomwa. Vizuri. Tena inapasa. Lakini tazameni tena: ni habari za wageni. Aliyewauzia maandazi ni nani? Aliyewashonea suruali? Aliyewafundisha Kiswahili? Aliyewazalia watoto?

Nitawaeleza jambo moja, na mwenyewe amenipa ruhusa, ila kwa masharti. Kuna mama mmoja wa hapa, sitasema mtaa gani, alinikaribisha ndani siku moja baada ya kusikia nakusanya habari. Akavuta kilindo cha magome ya mti kutoka uvunguni, cha mama yake, kimeshikwa mpaka kimekuwa cheusi. Akatoa kanga iliyokunjwa, ndani ya kanga bahasha, ndani ya bahasha picha. Kijana amevaa shati jeupe, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo kama mtu aliyeambiwa asicheke. Nyuma ya picha kuna jina kwa wino wa buluu.

Nikaruka. Nikamwambia, mama, hili jina tukilipeleka Pretoria, tukilipeleka Windhoek, tutampata, au tutapata ndugu zake! Akasema, "Hilo ni jina la vitani, mwalimu. Wote walikuwa nayo. La kwao aliniambia usiku wa kuamkia kuondoka."

Nikamwuliza: ni lipi?

Akaanza kukunja kanga upya. "Picha piga. Jina la nyuma andika. La kwao silitoi, nilipewa mimi."

Nikambembeleza, nakiri. Nilileta hoja zote. Nikamwambia kuhusu mwanawe, kuhusu wajukuu, kuhusu taifa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa chai nikaondoka.

Nimelifikiri jambo lile miezi mingi. Kwanza nililiona ni hasara kwa historia. Sasa naona kwamba siku ile nilifundishwa makumbusho yetu yawe ya namna gani. Hatukusanyi kama wakusanya kodi. Mwenye habari ndiye atakayesema kipi kiandikwe, kipi kinong'onwe, kipi afe nacho. Wasomi watatulaumu, na walaumu tu. Wao wana maktaba, sisi tuna majirani.

Na kabla ya wageni hao wote? Au mnadhani Kongwa ilianza 1947?

Bibi yangu huyuhuyu hakujua mwaka wake wa kuzaliwa. Alisema, "Nilizaliwa Mtunya ikiwa inaisha." Wazee wananielewa. Vijana, Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa ile vita ya kwanza ya dunia, mpaka kama mwaka 1920. Majeshi ya Wajerumani yalipita yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Majeshi ya Waingereza yakaja nyuma yao yakachukua waliobaki. Halafu mvua ikakataa. Wazee wetu miaka mibaya waliipa majina ili isisahaulike, na jina lilitosha kuwa cheti cha kuzaliwa. Waulizeni leo walio hai: wewe ulizaliwa njaa gani? Mtapata kalenda nzima ya nchi hii ambayo haipo ukutani kwa mtu yeyote.

Na tembe je? Mwaka 1971 ilipokuja Operesheni Dodoma nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Tuliambiwa tuhamie kijijini, kwenye mistari. Sitalihukumu jambo hilo leo, kuna waliopata shule na maji kwa ajili yake, na kuna waliopoteza ng'ombe. Ninachokumbuka ni mama amesimama mbele ya tembe letu, lile refu la kona nne, paa la udongo lililoota nyasi baada ya masika, ng'ombe katikati. Alibeba kinu kichwani. Mchi ukasahaulika ndani. Tulipofika tulikoelekezwa akakaa juu ya kinu akacheka: "Sasa tutatwanga kwa ngumi?" Mchi haukufuatwa tena. Leo mtoto wa Kigogo akitaka kuingia ndani ya tembe, apande basi aende Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, alipe kiingilio, aingie. Bado wapo watu humu wanaojua kusimika nguzo za tembe na kupanga udongo wa paa usivuje. Nawaona watatu kutoka hapa niliposimama. Tujenge moja, wakiwa wanaweza bado kutugombeza tukikosea.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka wangu wa nne kazini, katika shule ambayo sitaitaja, nilianzisha makumbusho. Naam, mimi! Niliwaambia wanafunzi kila mmoja alete kitu cha kale kutoka kwao. Walileta vitu 31. Vibuyu, kata, mkuki usio na mpini, jiwe la kusagia lililobebwa na wavulana wawili kwa zamu, pingili za mti zenye alama za kuhesabia, saa ya ukutani isiyotembea. Kila mtoto aliandika karatasi: jina la kitu, cha nani, kilitumikaje. Tulizibandika kwa gundi ya unga, maana ya dukani hatukuwa na fedha nayo. Tukavipanga chini, stoo ya michezo, nyuma ya magoli ya mpira wa pete. Nikafunga kufuli. Nikajiona.

Ikaja likizo ya Desemba na mvua zake. Januari nafungua mlango, nakuta mende wamekula gundi, na walipokula gundi wamekula karatasi. Mchwa wamepanda kutoka sakafuni wakachukua mpini wa shoka na mgongo wa saa. Jiwe la kusagia lilikuwepo, mchwa hali jiwe. Vibuyu vilikuwepo. Lakini kimoja hakina jina, cha pili hakina jina, cha tatu hakina jina. Wanafunzi wa kidato cha nne walishamaliza wakaondoka. Mzazi mmoja alikuja kudai kibuyu cha marehemu mama yake, nikampeleka stoo, nikamwambia achague. Achague! Alivitazama, akanitazama, akaondoka mikono mitupu. Sijawahi kuadhibiwa na mkuu wa shule yeyote kama nilivyoadhibiwa na mgongo wa yule baba akienda zake.

Kwa hiyo ninapowaambia jinsi ya kutunza vitu, siwafundishi kutoka kitabuni peke yake. Karatasi haibandikwi, inafungwa. Kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, uzi, na kalamu ya risasi, maana wino ukipata unyevu hukimbia na kalamu ya risasi hukaa. Kitu hakikai chini wala hakigusi ukuta. Kinakaa juu ya kichanja chenye miguu, ili mchwa akipanda tumwone njiani. Msipake vanishi. Msipake mafuta ya kula ili king'ae, mnawaandalia panya chakula. Kutu ya jembe msiipige msasa, na moshi uliokolea kwenye chungu msiusugue kwa steelwire. Ule moshi ndio wasifu wake. Picha za zamani, nawasihi, msizipeleke stesheneri kupigwa plastiki ya moto, mkidhani mnazilinda. Mnazikaanga. Picha tutaipiga kwa simu hapahapa mezani, mwenyewe akiangalia, nanyi mtarudi nayo nyumbani siku hiyohiyo. Na risasi na mabomu kutoka kambini, kama mtoto ameokota: usiguse, usilete hapa, waite polisi.

Najua pia kwa nini baadhi yenu mmekaa mikono imekunjwa kifuani. Mnakumbuka. Walikuja watu hapa zamani na gari zuri, wakasema kuna maonyesho, wakapita nyumba kwa nyumba wakachukua zeze, vigoda, shanga za kiunoni za bibi zetu. Wakaandika kwenye daftari lao. Daftari likaondoka na gari. Mpaka leo. Shangazi yangu alitoa kigoda cha babu yake, na kila gari jeupe likipunguza mwendo barabarani alikuwa anasimama.

Basi safari hii kauntabuku zitakuwa mbili. Moja mezani hapa, nyingine nyumbani kwa mtu mtakayemchagua ninyi, na si mimi. Kila kitu namba yake, na namba hiyohiyo kwenye vitabu vyote viwili. Mbele ya kila namba mtachagua: ni zawadi, au ni amana. Amana maana yake chako ni chako, ukikitaka siku ya harusi ya mjukuu unakuja, unasaini, unaondoka nacho. Asiyejua kusaini ataweka dole gumba. Vitu vya kimila, vya tambiko, havitoki nyumbani mpaka ukoo umekaa, na ukoo ukisema havitoki, havitoki. Na mgeni akija na fedha anataka kununua cha kale apeleke nje, mjue sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, haimruhusu bila kibali cha serikali. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa mlangoni.

Jengo? Nilijua mtauliza jengo. Kila tukikutana kwa jambo lolote Tanzania hii tunaanza na ramani ya jengo na kamati ya jengo, na jengo lisipopatikana, hata jambo lenyewe tunaliahirisha. Iringa walichukua boma la Mjerumani lililokuwa ofisi ya serikali, tangu 2016 ni makumbusho. Makumbusho ya Bujora kule Mwanza yalianza na padri mmoja na wazee wa Kisukuma waliomweleza kitu gani ni kipi. Sisi tumepewa chumba kimoja, kilikuwa stoo ya pembejeo, paa halivuji, dirisha lina nondo. Kinatosha kabisa kwa vitu vya kwanza mia.

Na ninyi mnaosema tumechelewa: Wahehe walidai kwa miaka mingi fuvu la chifu wao Mkwawa, lililochukuliwa na Mjerumani. Likaandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kwamba lirudishwe. Lilirudi 1954, leo liko Kalenga. Miaka 35 tangu mkataba! Lilirudi kwa sababu kulikuwa na watu ambao kila walipoulizwa "kwani kilikuwa nini?" walikuwa na jibu. Walijua ni la nani, mtoto wa nani, lilichukuliwa lini.

Mgeni rasmi, naona saa. Namalizia na kitu kimoja kilichomo kwenye mfuko huu.

Ni kibuyu. Kimoja cha vile vitatu vya stoo yangu. Vile viwili vilishavunjika. Hiki nimekitunza miaka yote hii nyumbani, juu ya kabati, kwa sababu ya yule baba. Sina hakika kama ndicho chake. Kilipasuka zamani, kabla hakijanifikia, na mtu akakishona. Tazameni hapa: ufa unashuka kutoka shingoni mpaka tumboni, na mshono umefuata ufa kwa ukambaa mwembamba, pande mbili, kila tundu limetobolewa kwa kitu cha moto. Nimehesabu, ni mishono 23. Mwisho wa mshono pana fundo la pekee, limezungushwa mara tatu likarudishwa ndani, wala sijaliona kwenye kibuyu kingine. Hayo ni mazoea ya mkono mmoja. Mwanamke fulani wa nchi hii, kila akishona, alimalizia hivi.

Kauntabuku ziko mezani, zimefunguliwa, namba moja haijaandikwa. Naanza na akina mama wa safu ya nyuma kabisa, mlio wakubwa kuliko mimi. Mwanafunzi, chukua, wapelekee. Shika kwa mikono miwili, ufa bado upo. Mama zangu, msikiangalie kwa macho tu, pitisheni kidole kwenye lile fundo. Nani anaujua mkono huu?